BWANA SABINE, ALIYEPIMA MVUMO KWA MITO YA VITI

Debe tupu haliachi kuvuma. Msemo huu twautumia kumkejeli mwenye maneno mengi na akili chache, lakini leo, msomaji, nakuomba uuchukue kama ulivyo, kwani una ilimu ndani yake. Ingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa juzi, kabla hakijaingizwa hata kiti kimoja. Sema neno, au piga kofi. Sauti yako haifi pale pale. Yaruka ukutani, yagonga dari, yarudi sakafuni, na kwa muda waisikia ikizunguka kama nyuki aliyefungiwa chupani. Rudi wiki ya pili, mwenye nyumba akisha kutandika mazulia, kutundika mapazia na kupanga makochi. Chumba ni kile kile, lakini sauti imetulia.

Jambo hili watu walilijua tangu walipoanza kuishi majumbani. Lakini hakutokea mtu wa kulipima likawa hesabu, mpaka mwaka 1895, alipopewa kazi hiyo kijana mmoja wa Kimarekani kwa jina Wallace Clement Sabine. Maisha ya bwana huyu yafaa kusimuliwa leo, maana hapa kwetu pwani imezuka desturi ya kutenga chumba kizima nyumbani kikawa cha sinema. Mwenye uwezo hununua televisheni ya kuujaza ukuta, spika tano au saba, na lile spika kubwa la kutoa besi. Kisha hutandaza vigae vinavyong'aa sakafuni, akatia kioo kirefu dirishani na jipsamu darini. Siku ya kuwaita jamaa, filamu ikianza, vijana huulizana alilolisema mwigizaji, baba huongeza sauti, na mvumo huongezeka nayo. Bibi mzee aliyekalishwa mbele kwa heshima hunyamaza kimya, akatikisa kichwa tu. Si kwamba amefurahi. Hakusikia hata neno moja.

Fedha imekwenda katika mashine, na chumba kimesahauliwa. Sasa na tumtazame mtu aliyetufundisha kwamba chumba nacho ni sehemu ya mashine.

KIJANA WA OHIO

Sabine alizaliwa tarehe 13 Juni 1868 katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio. Alikuwa mwepesi wa masomo kupita kawaida. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1886, naye ana miaka 18 tu. Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, karibu na mji wa Boston, akapata shahada ya pili mwaka 1888, akabaki huko huko akifundisha fizikia. Shahada ya udaktari hakuishughulikia maisha yake yote. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema kwa kiasi, na aliyechukia kutoa neno kabla hajawa na yakini nalo. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa sifa, na ndiyo iliyowachosha wakubwa wake.

Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilifungua jumba jipya la sanaa lililoitwa Fogg. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa kutolea mihadhara, mzuri wa kuutazama. Mwalimu wa kwanza aliposimama kusoma somo, ilidhihiri kwamba ukumbi ule haufai. Neno moja likitamkwa lilikaa hewani kiasi cha sekunde tano na nusu kabla ya kupotea. Katika muda huo mwalimu alikwisha kutamka maneno kumi na zaidi, na yote yakawa yanaelea pamoja, la mwanzo likipanda juu ya la mwisho. Wanafunzi walisikia kelele na wala hawakupata maana.

Rais wa chuo, Bwana Charles Eliot, akamwita Sabine, akamtaka aitafutie dawa kasoro ile. Sabine alikuwa na miaka 27, na hakuwa bingwa wa mambo ya sauti. Wala hapakuwa na kitabu cha kumwongoza. Wajenzi wa zama zile walifanya kazi kwa kubahatisha. Mmoja aliiga ukumbi uliosifiwa, akiomba bahati imwangukie. Mwingine alitandaza nyaya chini ya dari, akidhani zitainasa sauti kama wavu unasavyo samaki. Nyaya hizo zilikuwa kazi bure, na Sabine mwenyewe baadaye alieleza hivyo bila kuficha. Msomaji ayaweke haya moyoni, maana nyaya za zamani zina ndugu zake leo, nasi tutawafikia.

MITO USIKU WA MANANE

Harvard ilikuwa na ukumbi mwingine, Sanders, uliosifiwa kwa sauti njema. Viti vyake vilikuwa na mito. Sabine akauliza swali jepesi ambalo hakuna aliyewahi kulifuatia hadi mwisho: je, mito ile ikihamishiwa Fogg, sauti itapungua kwa kadiri gani?

Kazi hiyo haikuwezekana mchana, kwa kelele za wanafunzi na magari ya barabarani. Basi yeye na wasaidizi wake wakaifanya usiku, mji ukisha kulala. Walibeba mito kutoka Sanders mpaka Fogg, wakapima, na kabla ya alfajiri wakairudisha yote mahali pake, ili wenye ukumbi waikute kama walivyoiacha. Chombo chake kilikuwa bomba moja la kinanda, lililolizwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Aliliacha livume mpaka chumba kijae sauti, kisha akaikata hewa ghafla, akasikiliza katika ukimya mpaka sauti imalizike kabisa, saa ikiandika muda uliopita. Sikio lake ndilo lililokuwa mzani.

Ukumbi ukiwa mtupu, alipata sekunde 5.62. Alipotia mito ya urefu wa kiasi cha mita 8, muda ukashuka hadi 5.33. Akazidi kuongeza usiku hata usiku, mpaka mito yote ya Sanders, urefu wa karibu mita 1,500, ikawa imejaa vitini, sakafuni, jukwaani na ukuta wa nyuma hadi darini. Siku hiyo sauti ilikufa kwa sekunde 1.14. Kuta zilikuwa zile zile, na msemaji ni yule yule. Kilichozidi ni kitambaa na kilichojazwa ndani yake.

Kwa nini mto uweze kufanya hivyo? Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ikigonga kigae au lipu ngumu, karibu yote hurudishwa, kama mpira uliopigwa ukutani. Ikiingia katika kitu chenye vinyweleo, mfano wa pamba, sufi au manyoya, hewa hupenya kwa taabu kati ya nyuzi, husuguana nazo, na nguvu yake hugeuka joto dogo lisilohisika. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba mto humeza sauti.

Uaminifu wa Sabine waonekana katika kisa kimoja kidogo. Baada ya kukusanya hesabu nyingi aligundua kwamba hazilingani, na alipochunguza akaona sababu ni nguo alizovaa. Mavazi mazito yalimeza sauti kuliko mepesi. Mwingine angalinyamaza, kwani tofauti ilikuwa ndogo. Yeye alizitupa hesabu zile zote, akaanza upya, na tangu hapo akawa akivaa nguo zile zile kila usiku wa kazi, na kuziandika katika daftari, hata viatu.

HESABU YAPATIKANA

Mwaka 1898 ukumbi wa Fogg ulitengenezwa kwa kubandikwa kutani vitambaa vinene vya manyoya yaliyoshindiliwa, ukafaa kwa masomo. Lakini Bwana Eliot alikuwa na haja kubwa zaidi. Tajiri mmoja wa Boston, Henry Lee Higginson, aliyeanzisha bendi kuu ya mji huo mwaka 1881, alitaka kuijengea ukumbi mpya, na hakutaka kubahatisha. Eliot akampendekeza Sabine. Sabine akasita, maana alikuwa na daftari lililojaa namba bali hajaiona kanuni inayoziunganisha.

Akajifungia na karatasi zake. Usiku mmoja wa vuli ya mwaka 1898 akaiona, na twaambiwa mtu wa kwanza kupewa habari alikuwa mama yake, aliyekuwa akiishi naye. Kanuni yenyewe ni fupi hata mwanafunzi wa skuli huiweza. Chukua ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo, uzidishe kwa 0.161, kisha ugawanye kwa jumla ya umezaji wa vitu vyote vilivyomo. Jawabu ni sekunde ambazo sauti itadumu, yaani muda wa kushuka hadi sehemu moja ya milioni ya nguvu yake ya mwanzo.

Na umezaji wapimwaje? Hapa pia alipata njia ya werevu. Sauti ikitoka dirishani hairudi. Kwa hiyo eneo la dirisha lililo wazi ni umezaji mtimilifu, na kila kitu kingine chaweza kulinganishwa nalo. Lipu na kigae humeza kiasi cha asilimia 3 tu. Zulia nene humeza zaidi ya hapo mara nyingi, na mtu aliyeketi na nguo zake humeza sana. Kipimo hicho leo chaitwa sabini, kwa jina lake.

Kwa kanuni hiyo aliwashauri wajenzi wa Boston. Walikuwa wamekusudia kuukuza ukumbi mashuhuri wa Leipzig, Ujerumani, kwa umbo lile lile. Sabine akawaonyesha kwa hesabu kwamba ukikuzwa hivyo mvumo utapita kiasi. Michoro ikabadilishwa. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, na ulikuwa wa kwanza duniani kujengwa kwa kufuata hesabu ya sauti. Baadhi ya wahakiki waliulaumu mwanzoni. Hata hivyo ungali umesimama, nao huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki ulimwenguni. Jumba la Fogg la asili lilivunjwa mwaka 1973.

VYUMBA VIDOGO VYA PIANO

Kwa mwenye nyumba, lakini, jaribio lake la mwaka 1902 lina faida kuliko ukumbi ule. Chuo kimoja cha muziki mjini Boston kilikuwa na vyumba vidogo vya kufundishia piano, navyo havikuwapendeza waalimu. Sabine akaitisha wanamuziki, akawaketisha katika vyumba vitano, kimoja baada ya kingine, akiingiza mito na kuitoa, naye hawaambii kitu juu ya hesabu. Kazi yao ilikuwa kusema tu ni wakati gani piano yasikika vizuri. Walipokwisha, akapima. Vyumba vyote vitano viliangukia karibu pahala pamoja, wastani wa sekunde 1.08. Mito ilipopungua, walilalamikia vurugu. Ilipozidi, walilalamika kwamba piano imekufa.

Mafundisho hapa ni mawili. La kwanza, sikio la binadamu lajua linachokitaka, ingawa ulimi haujui kukieleza. La pili, kila kazi ina kiasi chake. Piano yahitaji chumba kiisaidie kuvuma. Filamu haihitaji msaada huo, kwani mvumo wa jangwa, wa jumba la mfalme au wa pango umekwisha kutiwa ndani ya sauti yake na mafundi walioitengeneza. Chumba kikijitia kuongeza wake, huwa kama mtu anayedakiza katika mazungumzo yasiyomhusu. Kwa hiyo chumba cha sinema nyumbani chataka muda mfupi kuliko wa piano, karibu na sekunde 0.4.

Sabine alionyesha pia kwamba vitu havimezi sauti zote kwa usawa. Zulia jembamba humeza sauti nyembamba na kuiacha besi itembee. Ndiyo sababu chumba chenye zulia peke yake hunguruma.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1906 alifanywa mkuu wa skuli ya sayansi ya Harvard, lakini hakuacha kuwasaidia wajenzi. Pamoja na Rafael Guastavino mdogo, mjenzi wa kuba, alitengeneza vigae vyenye vinyweleo ili makanisa makubwa ya mawe yapate kusikika. Alipiga picha za mawimbi ya sauti ndani ya vielelezo vidogo vya kumbi za michezo, watu wakaona kwa macho jinsi sauti inavyorukaruka.

Vita Kuu ya kwanza ilimkuta amekwenda Ufaransa kufundisha. Akaingia katika kazi za ndege za kivita, kisha akarudi Marekani kuendelea nazo, huku maradhi ya figo yakimla. Alichelewesha matibabu kwa ajili ya kazi. Tajiri mmoja, George Fabyan, alikuwa amemjengea maabara ya sauti huko Geneva, jimbo la Illinois, lakini hakujaaliwa kuifanyia kazi. Alifariki tarehe 10 Januari 1919, ana miaka 50. Maabara ile ikachukuliwa na jamaa yake, Paul Sabine. Makala zake zilikusanywa kitabuni mwaka 1922.

TUFANYEJE MAJUMBANI?

Sasa, msomaji, na tuichukue kanuni ya marehemu tuingie nayo chumbani kwako. Tuseme chumba ni cha mita 5 kwa 4, na kimo cha mita 3. Ujazo ni mita 60. Jumla ya sakafu, dari na kuta ni mita za mraba 94. Ikiwa zote ni ngumu, humeza kiasi cha sabini 2.8, na sauti itadumu zaidi ya sekunde 3. Tia makochi na watu wachache, umezaji ufike 9, sauti itadumu sekunde 1.1 hivi. Hapo piano ingefurahi, bali maneno ya filamu bado hayajasafika.

Ongeza zulia nene la mita za mraba 12, utapata kiasi cha 4. Tundika mapazia mazito yenye mikunjo, mita 6, upate 3. Kisha mwite seremala akutengenezee fremu za mbao za unene wa sentimita 5 hadi 10, azijaze pamba ya mawe, azifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Fremu za jumla ya mita 8 zitakupa kama 7. Umezaji sasa ni 23, na muda wa sauti ni sekunde 0.4 na ushei. Hujanunua spika hata moja.

Wapi pa kuziweka? Keti mahali pako pa kawaida, umwambie kijana atembeze kioo ukutani. Pale utakapoliona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inaporuka kukufikia. Bandika fremu hapo, kuta zote mbili za pembeni. Nene kuliko zote ziweke pembeni mwa chumba, katika kona, kwani besi hupenda kujikusanya huko. Kabati lililojaa vitabu nalo lina faida, maana huivunja sauti isirudi kwa mkupuo mmoja. Hata zidaka za nyumba za kale za Lamu, ambazo wazee walizichonga kwa pambo na kuwekea vyombo, zina kazi hiyo kidogo.

Sasa niwataje wale ndugu wa nyaya. Wako watu wanaobandika trei za mayai ukutani wakidhani wamemaliza. Trei ni karatasi nyembamba, na zinachomeza ni kidogo mno. Wengine hubandika sponji nyembamba chumba kizima. Sponji hiyo humeza sauti nyembamba tu, ikaacha besi, na zaidi ya hayo sponji ya kawaida hushika moto upesi na kutoa moshi wa sumu. Nyumba yenye watoto haitaki mzaha huo.

Wala msomaji asidhani kwamba fremu hizi zitamkinga jirani. Kumeza sauti ndani ni jambo moja, na kuizuia isitoke ni jingine, ambalo hutaka kuta nzito na milango isiyo na upenyo. Lakini yako manufaa yake hata kwa jirani, kwani maneno yakisafika hakuna haja ya kuongeza sauti.

Wala usifunike kila mahali. Wale wanamuziki wa Boston waliona chumba kilichozidishiwa mito kuwa kimekufa. Ongeza kidogo kidogo, piga kofi, usikilize. Anza na vilivyomo nyumbani: zulia la chumba cha wageni, magodoro ya sufi yakiegemezwa ukutani usiku mmoja. Hayo ni majaribio ya Sabine hasa, na hayana gharama. Ukisha kuridhika na unachokisikia, ndipo umwite seremala.

Na shahidi wako asiwe fundi wa duka la spika. Masikio ya wazee ndiyo ya kwanza kushindwa na mvumo, hata pale vijana wanapodhani mambo ni sawa. Mkalishe bibi pahala pake, weka filamu, na sauti iwe ya wastani. Akianza kucheka pale panapochekesha, ujue hesabu yako imelingana.